Dakika Arobaini, Kilo Sabini

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu, laazizi wangu,

Kila nikiandika "mume wangu" kalamu inacheka yenyewe. Leo ni wiki ya tano tangu tuoane na wenzangu hapa zahanati bado wananiita Bi Harusi, nami siwakatazi. Jana nilimpima mtoto uzito, nikaandika kwenye kadi huku natabasamu, mama yake akaniuliza, "Dada, kaongezeka sana?" Kumbe mtoto kapungua gramu mia mbili. Nikaona haya. Nilikuwa nakuwaza wewe, shingo yako hasa, pale nyuma panapochomwa na jua la uwanjani.

Lakini sikukaa kitako kukusifu shingo. Nina hasira.

Ulifika Jumamosi jioni, viatu vimejaa vumbi, ukalala kabla sijakuuliza habari za safari. Jumapili saa nne asubuhi ukawa stendi. Nimehesabu, ni saa kumi na sita. Kazini wanakupa siku nne za mapumziko kwa mwezi, na kati ya hizo mimi mkeo nimepata saa kumi na sita, nyingi ukikoroma. Nakupenda hata ukikoroma, lakini haki ni haki.

Nimetoa atlasi yangu ya sekondari na rula. Kwa mstari ulionyooka, kutoka uwanja wa ndege wa kwetu hadi huo unaofanyia kazi ni kilomita mia moja na tisini. Basi linakwenda kilomita mia sita na kumi kwa sababu barabara inazunguka milima na ziwa lote, na katikati mnalala njiani. Leo baada ya kazi nimepita uwanjani nikasoma ubao wa ratiba. Muda wa safari, dakika arobaini. Kwa dakika arobaini hata maharage hayaivi.

Na wewe ndiye unayewapakia abiria kwenye ndege hiyo hiyo. Ulinieleza mwenyewe wakati wa uchumba kwamba mfanyakazi hupanda bure kiti kikiwa kitupu. Barua zangu zinapanda, zinakaa kwenye mkoba wa rubani na kukufikia kabla sijamaliza kufua. Karatasi inafika kwa dakika arobaini, mume anafika kwa siku mbili. Nieleze.

Na usinipigie simu kunieleza. Simu yako inashika mtandao ukiwa juu ya ngazi ya mnara tu, na huko wenzako wote wanasikia unavyoniita. Niandikie.

Mkeo anayekudai maelezo na busu,
Wako peke yako


Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu mpenzi,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Hakuna anayetaka dakika hizo arobaini kuliko mimi. Ila msimu huu ndege inajaa. Wafanyabiashara, wagonjwa, wanafunzi, kila kiti kina mtu, na mfanyakazi ni wa mwisho. Siwezi kumshusha abiria ili nije kumwona mke, watu watasema nini.

Vumilia kidogo. Mvumilivu hula mbivu. Mwezi ujao nitakuja tena kwa basi, nami naahidi sitakoroma.

Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika.

Mumeo


Jumatano, 12 Machi

Mume wangu,

Hizo mbivu zako nimezionja, zimeoza.

Jana nilikwenda uwanjani, nikamuuliza binti wa dirisha la tiketi kama ndege ya Ijumaa ile uliyoondoka kwa basi ilijaa kweli. Akafungua daftari lake. "Shemeji hakuja nayo? Mbona ilikuwa na viti sita vitupu. Mimi nilikuwa namsubiri ashuke." Viti sita. Nikamwambia labda alichelewa. Mimi, mwenye ndoa ya wiki sita, nimesimama dirishani namtungia mume wangu uongo ili nisiaibike, na macho yananiwasha.

Sasa niambie, huko mnakolala njiani, kuna nini? Au nani? Nimejaribu kufikiri vizuri. Nimefikiri hadi nimeunguza kwa pasi gauni la kazini. Mtu anayenipenda kama unavyosema, akaachiwa njia ya dakika arobaini na njia ya siku mbili, akachagua siku mbili, na akadanganya, mimi nimweleweje?

Nilimwambia shangazi. Najua nilikuahidi kwamba mambo ya ndani yatabaki ndani, lakini shangazi ndiye aliyenilea, na ana pua. Akasema, "Mwanaume anayekimbia dakika arobaini ana sababu yenye miguu miwili." Nikalia. Akasema kulia si dawa, dawa ni kwenda kuangalia.

Basi anakuja. Ijumaa hii, kwa ndege, kwa tiketi ya familia ambayo nina haki nayo na sijawahi kuitumia. Atakaa kwako wiki moja, arudi Ijumaa inayofuata. Mpishie, mheshimu, na usijaribu kumchekesha, anakuja kikazi.

Mkeo, ambaye bado anavaa pete lakini anaiangalia


Jumapili, 16 Machi

Mke wangu,

Barua hii inakuja kwa basi. Nimempa dereva mkononi. Sababu utaiona.

Shangazi alifika Ijumaa. Hajaniamkia vizuri akainama kuangalia chini ya kitanda. Alinusa taulo. Alifungua kabati, akahesabu vikombe.

"Kimoja?"

"Kimoja, shangazi."

"Na kijiko?"

"Kimoja."

"Basi mwanamke huna. Na akili pia huna, mume wa mtu anaishi na kijiko kimoja?"

Ameridhika. Jana alimwambia jirani kwamba mimi ni mtu mzuri ila nimekondeana. Kwa hiyo ningeweza kukaa kimya, ukanisamehe, yakaisha. Lakini Ijumaa, wakati ndege iliyombeba ilipokuwa inakuja kutua, nilisimama ukingoni mwa lami na sikuweza kupumua. Mwenzangu alinishika bega akidhani naumwa. Siwezi kuendelea hivi.

Hakuna mwanamke. Kuna karatasi.

Kabla ya kila ndege kuondoka, mimi huandika karatasi ya uzito. Abiria wangapi, kilo ngapi, mizigo kilo ngapi. Rubani anaitumia kujua kama ndege itanyanyuka kabla lami haijaisha, na lami ya huku ni fupi. Nilipoanza kazi, mizani ya abiria ilikuwa stoo, imefunikwa turubai. Mkuu wa kituo aliniambia mizani inachelewesha ndege. Nimwandike kila abiria kilo sabini, awe mtu awe mlima, na begi lake kilo kumi. Magunia ya shehena yanayowekwa nyuma ya viti niyaandike nusu. Mwenzangu wa uwanja wa huko kwetu ana amri hiyo hiyo. Viti sita vilikuwa vitupu kweli siku ile. Magunia yalikuwa ishirini na mawili.

Wiki moja kabla ya harusi yetu niliipakia ndege yenye watu kumi na saba. Nikasimama kuiangalia kama kawaida. Ilikimbia hadi mwisho wa lami, haijanyanyuka. Ikanyanyuka kwenye majani, gurudumu likakata waya wa juu wa uzio. Ikaenda, ikafika salama, abiria hawakujua kitu. Mkuu alimwita fundi wa uzio. Hakumwita mtu mwingine yeyote.

Karatasi ya siku ile niliiandika mimi, mkono wangu huu ulioshika wako siku saba baadaye. Tangu hapo miguu inakataa kupanda. Nikikaribia ngazi ya ndege inakuwa kama si yangu. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na furaha sana. Na nimebakiza miezi miwili nithibitishwe kazini. Anayemsumbua mkuu hathibitishwi.

Usihofu kuhusu shangazi. Ijumaa nitamwambia ndege imeharibika, nitampandisha basi. Na wewe nakuomba, usipande ndege ile kamwe. Nisingeweza kuishi.

Mumeo


Jumanne, 18 Machi

Mume wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu.

Mara ya kwanza nilifurahi, Mungu anisamehe. Hakuna mwanamke. Nilibusu karatasi, nikajiangalia kwenye kioo nikajiambia mume wangu ni wangu. Mara ya pili nilichukua kalamu nikajumlisha magunia, zaidi ya kilo mia tano zisizoandikwa. Mara ya tatu nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na ile ya wiki iliyopita naiona sasa ilikuwa ya kitoto. Wiki iliyopita nilikasirika kama mke. Leo nimekasirika kama mtu.

Shangazi yangu apande basi. Sawa. Na yule atakayekaa kwenye kiti cha shangazi, yeye hana mpwa? Unaniandikia "usipande kamwe, nisingeweza kuishi", halafu kesho yake asubuhi unasimama mlangoni kwa shati jeupe kuwapandisha wake za watu na kuwaambia safari njema. Wao nani atashindwa kuishi kwa ajili yao? Umenificha mimi barabarani, wengine ukawaachia angani.

Nikueleze jambo. Kuna mama namjua, mwanawe nampima kila mwezi tangu azaliwe. Moyo wake una tundu. Jana amepewa rufaa ya hospitali ya huko kwenu, wakapanda ndege, kiti cha nne. Kwa basi mtoto yule asingefika. Aliniaga mlangoni huku anaipunga ile karatasi ya rufaa kama tiketi ya sikukuu. Kadi ya mtoto huyo nimeiandika kwa mkono wangu: kilo saba na gramu mia nne. Mwenzako wa hapa kamwandikaje, sabini? Au hakumwandika kabisa kwa kuwa amepakatwa?

Mimi napigana na gramu mia mbili. Mtoto akigoma kukaa kwenye mizani ninambeba, nasimama naye, kisha najipima peke yangu, natoa. Foleni ikinipigia kelele iendelee kupiga. Wewe unafuta kilo mia tano kwa kalamu ili foleni isichelewe.

Nawe umekiona kile kitu. Wengine labda hawajui. Wewe uliuona waya umekatika, ukaenda nyumbani, ukaoga, ukanioa. Ulicheza nami muziki ule wote na jambo hili kifuani. Sijui nikuhurumie au nikurushie kiatu. Ungekuwa karibu ningefanya yote mawili.

Na usinitajie kuthibitishwa. Unathibitishwa uwe nani? Mtu wa kuandika sabini kwa miaka thelathini hadi siku moja sabini hizo zimwagike kwenye majani?

Nimeifunga barua hii kwa gundi na nimempa binti wa tiketi aitie kwenye mkoba wa rubani. Akiifungua mtu, aisome, sina siri na jambo hili.

Usije kwa basi tena. Ukija hivyo, huku karatasi zako ni zile zile, sitafungua mlango. Siku utakayoandika uzito wa kweli, njoo hata kwa magoti, utanikuta nimesimama barazani.

Nakupenda, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Mkeo


Ijumaa, 21 Machi

Mke wangu,

Naandika nimekaa kwenye benchi la abiria. Begi langu liko miguuni. Barua hii naibeba mwenyewe, nitaipenyeza chini ya mlango wako kesho jioni kabla ya kubisha.

Leo saa moja asubuhi nilikwenda stoo, nikaivuta ile turubai. Niliweka mizani mlangoni, nikaijaribu kwa kifurushi cha kilo kumi chenye muhuri, ikasema kumi. Abiria walikuwa kumi na wanane. Nikawaambia leo tunapimwa.

Wewe unajua foleni. Mfanyabiashara mmoja aliniuliza, "Mimi ni gunia?" Nikamwambia gunia ninalijua uzito wake, wewe sijui. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Mwingine akavua koti, akavua saa, akavua mkanda, nikamwambia kaka, huendi kuoga. Bibi mmoja akauliza kama mizani inaonyesha na magonjwa.

Sikumdanganya shangazi kwamba ndege imeharibika; nilianza naye, ili asiseme mtu kwamba nabagua. Akanikazia macho. "Mkwe, unanipima mbele ya kadamnasi? Marehemu mume wangu alikufa hajui." Nikamwomba samahani, nikamwomba apande. Tisini na tatu. Bunda lake, thelathini na moja.

"Hizo ni nguo tu," akasema.

"Nguo za nani, shangazi?"

"Za kwangu. Na vijiko. Nilikununulia vijiko, nikaona hustahili, narudi navyo."

Nilipojumlisha watu, mabegi na magunia, tulikuwa tumezidi kilo mia sita na arobaini. Nimezoea kuandika kwamba tumepungukiwa.

Hapo mkuu akatoka ofisini. Akaangalia mizani, akaangalia foleni, akaangalia saa. Akaniita pembeni lakini alisema kwa sauti, kila mtu akasikia.

"Andika sabini."

"Siandiki, mzee."

"Umeoa juzi. Unataka mkeo akupokee huna kazi?"

"Yeye ndiye kaniambia niandike."

Akanicheka. Akamgeukia rubani, akamwambia apande, karatasi itamfuata. Rubani wetu unamfahamu, yule asiyesema. Alikuja mezani, akaichukua karatasi yangu. Akaisoma. Akaisoma tena kutoka juu. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Kisha akasema, "Mwaka mzima naiona ndege nzito. Nilidhani mkono wangu umezeeka. Nimekwishamwambia mke wangu nastaafu."

Akamwambia mkuu kwamba anaruka na karatasi hii au haruki. Magunia yote yameshuka, na watu wanne. Wa tiketi ya familia ndiye hushushwa kwanza, hiyo ndiyo kanuni, kwa hiyo wa kwanza ni shangazi. Nilimbebea bunda mwenyewe. Wale wengine watatu wamenitukana kwa zamu. Nimewashushia mabegi yao.

Nimesimamishwa kazi. Barua yake iliandikwa kwa dakika tano. Chumba ni cha kituo, nimerudisha ufunguo. Basi linaondoka saa nne. Tutafika kesho jioni, mimi na shangazi, kiti kimoja cha wawili, bunda lake magotini pangu.

Ndege sasa hivi inakimbia kwenye lami. Imenyanyuka. Mke wangu, imenyanyuka katikati ya lami, mbali kabisa na uzio.

Ulisema hutamfungulia mtu wa basi. Karatasi ya leo ni ya kweli. Naomba unifungulie.

Mumeo


Ijumaa, 28 Machi

Kwa Mkuu wa Kituo,

Mimi ni mke wa mfanyakazi uliyemsimamisha kazi wiki iliyopita. Barua yako imetufikia juzi. Unasema unaweza kumrudisha kazini na hata kumthibitisha, mradi aandike kwamba mizani ile ilikuwa mbovu na kwamba aliwasumbua abiria bila sababu. Naona rubani amegoma kuruka na sabini zako, na unatafuta njia ya kumlainisha.

Mume wangu amekujibu kwa mistari miwili kwa sababu ni mpole. Mimi sikupewa upole huo.

Kuhusu mizani. Shangazi yangu aliteremka kwenye basi Jumamosi jioni na kuapa kwamba hatapanda mizani tena hadi jeneza. Nilimsomea barua yako siku hiyo hiyo ilipofika. Jana asubuhi alikuja zahanati bila kuitwa, akapita foleni yote ya akina mama, akavua viatu, akapanda. Mizani yetu inakaguliwa kila miezi mitatu na ina muhuri. Tisini na mbili na nusu. Nusu kilo imebaki kwenye basi lako la siku mbili. Alinitaka niandike, nipige muhuri, na mganga wetu mkuu atie sahihi. Akasema, "Mpelekee. Aibu yangu ameshaiona, sasa aione ya kwake." Nakala imo humu. Mizani yako ni nzima, bwana mkubwa. Ilikuwa imefunikwa tu.

Nakala nyingine, pamoja na karatasi ya uzito ya tarehe ishirini na moja ambayo rubani alituletea mwenyewe mlangoni, na maelezo ya mume wangu kuhusu waya wa uzio, pamoja na sabini zote alizoandika yeye kwa mkono wake, tumewapelekea wakaguzi wa usafiri wa anga. Hajajitetea, nami sikumtetea. Huenda wakamwadhibu. Tumelizungumza hilo, tukalia, tukaendelea kuandika.

Usidhani nimeandika kwa kuwa nimekosa furaha. Mume wangu yuko hapa, anakula kwenye sahani yangu, siku ya saba leo, na sijawahi kupata siku saba zake kwa mfululizo tangu tuoane. Ningekuwa mtu wa kujifikiria ningekutumia shukrani. Lakini mama mmoja ninayemfahamu yuko huko kwenu na mtoto aliyefanyiwa upasuaji, na wiki ijayo anarudi. Hana njia nyingine ila ndege yako. Ni kilomita mia moja na tisini. Ana haki ya kuzivuka kwa dakika arobaini na akafika, na kadi ya mwanawe niendelee kuiandika.

Tutakuwemo kwenye ndege hiyo. Mume wangu na mimi tutakuja huko kwa basi, na Ijumaa ijayo tutarudi na mama yule kwa ndege, tumekata tiketi kamili ili asitushushe mtu. Yeye anasema miguu yake bado inakataa ngazi. Nimemwambia nitaishika mmoja mmoja. Lakini hatutapanda hadi tuone abiria wa mwisho amesimama kwenye mizani, na tutasimama mlangoni mchana kutwa ikibidi.

Mume wangu ana kilo sitini na tisa, kwa hiyo uliposema sabini, kwake ulikaribia. Mtoto amepungua tangu upasuaji, mama yake kaniandikia, ana saba na gramu mia mbili, na hata akipakatwa ataandikwa. Mimi nina kilo themanini na nne. Andika hivyo hivyo.

Mkewe